Kisanduku Chini ya Mguu wa Benchi

Benchi lenyewe limeegemezwa kwenye ukuta wa karakana ya useremala, pale kona, na aliyelitengeneza ni mwenye karakana, ambaye jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau wakabaki na Randa. Ni benchi la mbao ngumu, zuri kulitazama, ila miguu yake Randa aliiweka ndani mno, kwa hiyo wa mwisho huku akiinuka ghafla, wa mwisho kule anakwenda chini yeye na kikombe chake. Ndiyo maana kijiwe kile kina sheria moja tu: kabla hujaondoka unatangaza "Nainuka!" na wenzako wanajishika. Wakaaji wa kudumu ni watatu. Randa mwenyewe, mtu asiyeweza kuona utani ukipita bila kuudandia. Wembe, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, bonge la mtu, mwoga wa paka na mwoga wa radi. Na katikati yao Shahidi, fundi baiskeli, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna jambo lililopata kutokea duniani ambalo yeye hakuwepo. Kahawa ni ya Bi Nusu, ambaye tangu aanze biashara hajapata kujaza kikombe cha mtu. Sasa watu wa maji walikuja kuchimba mtaro wa bomba, ardhi ya kona ikatitia, benchi likawa linayumba na kahawa inamwagika. Asubuhi hiyo Bi Nusu alichoka, akaokota kitu, akakisukumiza chini ya mguu wa upande wa Wembe. Benchi likatulia tuli. Wakanywa kahawa kwa raha mpaka Shahidi alipodondosha spana yake akainama kuiokota.

— Jamani, — alisema Shahidi, sauti ikitokea katikati ya magoti yake. — Asiinuke mtu.

— Kuna nyoka? — Wembe alikuwa tayari ameinua miguu yote miwili.

— Angekuwa nyoka ningekushauri ukimbie. Tazama bango la ukutani kwako.

Wote watatu wakatazama ng'ambo. Kwenye ukuta wa kinyozi palikuwa na bango walilobandika wategua mabomu, lenye picha za vitu ambavyo mtu akiviona asiviguse. Picha ya mwisho ilikuwa ya kisanduku cha mbao, kidogo, kifuniko chake kimeachama kama mdomo wa mtu anayesinzia.

— Nimeliona, — alisema Wembe. — Kwani lina nini?

— Kile cha kwenye picha ndicho kilichoshikilia mguu wa benchi. Upande wako.

Bi Nusu alikuwa anamimina. Aliweka birika chini kwa adabu ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwake, akapandisha kanga mabegani, kisha akavuka barabara kwa mbio za msichana. Hakusimama mpaka alipofika kibarazani kwa kinyozi.

— Mimi nilidhani ni kipande cha mbao tu! — alipiga kelele kutoka kule. — Msinitazame hivyo!

Randa akainama kwa upande wake, akachungulia. Alipokiona kisanduku, kicheko kilimpanda mpaka puani. Aliking'amua palepale. Mwezi mzima uliopita alikuwa anavitengeneza vitu hivyohivyo, kwa vipimo hivyohivyo. Wategua mabomu walimjia na mchoro: ng'ambo ya daraja kuna mashamba yaliyobaki na mabomu ya vita vya zamani, mengine ya mbao, na mbao haisikiki kwenye mashine yao ya kunusa chuma. Wakataka vya bandia, vitupu, vya kufundishia watu na mbwa. Randa akavichonga, vilivyo vizuri akavipeleka, vilivyopinda akavitupa nyuma ya ukuta. Bila shaka Bi Nusu alikuwa ameokota kimojawapo.

Akafungua kinywa awaambie. Ndipo alipomwona Wembe ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, kijasho kinamtiririka, na wazo likamjia, tamu, lisiloweza kuachwa.

Mambo yalikuwa hivi. Randa ana mtoto wa kiume, tangu utoto anaitwa Taratibu, kwa sababu hata uji alikuwa anaula kama anaupima. Taratibu anampenda binti wa Wembe, mshonaji wa nyumba ya tatu kutoka pale, na binti anampenda yeye, na wenyewe wamekwisha kukubaliana. Aliyebaki ni Wembe. Hakatai, hakubali. Kila Randa akianza, "Rafiki yangu, kuhusu wale watoto wetu," Wembe anatangaza "Nainuka!" na keshafika ng'ambo, anakata hewa kwa mkasi. Miezi inapita. Randa alikuwa anaumia kuliko alivyoonyesha, maana huyu alikuwa rafiki yake tangu wote wawili hawana hata ndevu, na hakuelewa mwanawe ana kasoro gani machoni pake.

Leo Wembe hawezi kuinuka.

— Shahidi yuko sawa, — alisema Randa, akikunja uso kama daktari. — Ni lenyewe. Mimi nikiinuka, upande wako unashuka unalibonyeza. Wewe ukiinuka, mguu unaliachia.

— Na mimi wa katikati? — aliuliza Shahidi. — Mimi nikiinuka polepole...

Wembe akamkamata shati.

— Ukiinuka tutaondoka wote.

— Bi Nusu! — aliita Randa. — Mpigie simu kijana wangu. Leo yuko mapumzikoni, yuko nyumbani. Mwambie aje.

Hapa lazima isemwe kwamba Taratibu, kwa ule upole wake wa kupima uji, alikuwa ameajiriwa na haohao wategua mabomu. Ndiyo kwanza alikuwa amemaliza mafunzo. Bi Nusu akapiga simu, akaeleza kwa machozi, akakata.

— Anakuja! Anasema msicheke, msikohoe, na Wembe asijikune!

Papo hapo Wembe akawashwa mwili mzima.

— Hebu nielezeni, — alisema, ili asahau kuwashwa. — Bomu linakuwaje la mbao? Bomu si chuma?

— Lilikuwa la chuma, — alisema Randa. — Nilielezwa na hao walioniletea kazi. Katika ile vita kubwa ya dunia, zilipatikana mashine za kunusa chuma. Askari anatembea nayo mbele kama anafagia, ikilia, anajua hapa pana kitu. Sasa upande wa pili wakafikiri: tukitumia mbao, itanusa nini? Na chuma chenyewe kilikuwa kinatafutwa kwa udi na uvumba, kilikwenda kwenye vifaru. Mbao zilikuwepo. Mafundi walikuwepo. Waliokuwa wanatengeneza samani wakaambiwa watengeneze visanduku.

— Nilikuwepo, — alisema Shahidi.

— Vita ile babu yako alikuwa hajaoa.

— Nilikuwepo kwa njia yangu. Nakwambia kitu ambacho hao hawakukwambia. Jenerali alikwenda kwa seremala akataka bomu. Seremala akamuuliza, la mninga au la msonobari? Jenerali hajui. Akauliza tena, lenye droo au bila droo? Jenerali akaona haya kusema hajui, akasema, lenye droo. Jeshi zima likaingia vitani na mabomu yenye droo. Askari wa adui wanayafukua, wanaweka soksi.

— Acha kunichekesha! — Wembe aliomba, tumbo likimtetemeka na benchi likitetemeka nalo. — Kijana kasema tusicheke!

— Sisemi kwa kuchekesha. Ndipo wakatoa amri droo ziondolewe.

Bi Nusu, ambaye woga wake haukuwahi kudumu kuliko udaku wake, alikuwa amerudi mpaka katikati ya barabara. Akaufuata ubao mrefu mlangoni kwa Randa, akaweka vikombe kwenye ncha, akavisogeza benchini kutoka mbali, kama anayemlisha simba.

— Nusu tena? — alisema Shahidi akipokea. — Hata leo?

— Kama mtakufa, ya kujaza ya nini?

— Na mbao si zinaoza? — Wembe aliendelea. — Miaka yote hiyo ardhini, na mchwa je?

— Zinaoza, — alisema Randa. — Nyingine zinaoza zikafa kabisa. Nyingine zinaoza zikawa mbaya zaidi, kwa sababu kifuniko kinachoka, hata mguu wa kuku unatosha. Hakuna anayejua ipi ni ipi. Ndiyo ubaya wake.

Hayo yalikuwa ya kweli na aliambiwa na watu wanaojua, lakini aliyasema akimwangalia Wembe kwa pembe ya jicho, kama mpishi anayeangalia sufuria.

— Mimi nina fikra yangu, — alisema Wembe. — Bomu la mbao linajua uzito. Mbao ina hisia. Mlango wangu nyumbani mvua ikinyesha unavimba. Sasa hiki kisanduku kimekaa hapo, kinanipima. Kinasema, huyu ndiye.

— Basi wewe ni mkombozi wetu, — alisema Shahidi. — Lakini suala la mchwa mmelipita haraka. Kuna nchi, siitaji, jeshi lilifuga mchwa. Hema zima la mchwa, wana posho. Wakawaachia shambani wayale mabomu ya mbao. Wakala, wakamaliza.

— Safi kabisa! — alisema Bi Nusu.

— Safi nini? Baruti waliila pia. Akaja mjusi akala mchwa. Akaja kunguru akala mjusi. Kunguru akatua juu ya paa la makao makuu ya jeshi, akataka kupiga chafya...

— Shahidi, nakuomba kwa heshima ya mama yako.

— Sijamaliza. Kuna na lile walilotengeneza kwa mti mbichi. Mvua ikanyesha, bomu likaota. Likawa mti mzima, lina majani, lina kivuli, watu wanapumzika. Akaja ndege mgonga miti. Ko, ko, ko...

Hakumaliza, kwa sababu ng'ambo, dukani kwa Wembe, alitokea mteja, shuka nyeupe shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja na upande wa pili nywele zimesimama.

— Wembe! Uliniambia unakunywa kahawa mara moja!

— Nimepatikana!

— Na mimi je, nitembee hivi?

— Vaa kofia!

— Kofia itaegemea upande gani?

Mteja akaondoka kwa hasira, shuka ikipepea nyuma yake, akielekea nyumba ya tatu kwa mshonaji kumshitaki baba kwa bintiye.

Wembe akamsindikiza kwa macho mpaka akapotea. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

— Yule seremala wa vita. Mwenzako. Jioni alikuwa anakwenda nyumbani kama kawaida?

— Nani?

— Aliyetengeneza visanduku. Anaosha mikono, anakula, anamuuliza mtoto habari za shule?

Randa hakulipenda swali hilo. Alikuwa amelikwepa mwezi mzima, usiku, mikono yake ilipokuwa bado inanuka mbao za vile visanduku, japo vyake vilikuwa vya kuokoa watu na si vya kuwaua.

— Mbao ni mbao, — alisema. — Fundi huletewa mchoro. Hebu tuache ya wafu tuongee ya walio hai. Kuhusu wale watoto wetu.

Mdomo wa Wembe ulifunguka kwa mazoea.

— Nai...

— Enhe? — alisema Randa. — Malizia.

Wembe akaufunga mdomo. Shahidi akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona amekaa mahali pazuri kuliko siku zote za maisha yake.

— Huu si wakati wake, Randa.

— Wakati wake ni upi? Nimekufuata dukani, unanyoa. Nimekufuata nyumbani, umelala saa kumi na mbili jioni. Leo Mungu amekukalisha. Kijana wangu ana nini? Anavuta bangi?

— Hapana.

— Mvivu? Mkorofi? Ana mwanamke mwingine?

— Sijasema hivyo.

— Basi sema. — Na hapo Randa, kwa makusudi kabisa, akajisogeza kidogo kwenye ncha yake. Benchi likalia nyii.

— Usijisogeze! — Wembe alipiga yowe. — Randa, usijisogeze, nitasema!

Shahidi alikuwa ameshika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili na kufumba macho. Randa alijisikia vibaya kidogo, lakini kidogo tu. Kicheko kilikuwa kinamkaba.

— Kijana wako simkatai, — alisema Wembe. — Nampenda kama wa kwangu. Nilimnyoa nywele zake za kwanza mimi. Ninachokikataa ni kazi yake.

— Kazi yake ina nini? Ya halali.

— Kila asubuhi anakwenda kupiga magoti shambani mbele ya vitu kama hiki kilichoko chini yangu. Nimekaa juu yake hata saa moja haijafika na nguo zimelowa. Yeye ndiyo ofisi yake! Nimpe binti yangu, halafu iweje? Akae anashona, akisikia mlio wowote ng'ambo ya daraja aache cherehani asimame mlangoni? Kila siku? Mpaka siku wanamletea viatu pekee? Nitamwambia nini siku hiyo, Randa? Kwamba baba yako alijua akakubali kwa sababu mkweo ni rafiki yake wa benchi?

Alisema yote hayo kwa pumzi moja. Randa hakutegemea. Alikuwa ametayarisha majibu ya mahari, ya ukoo, ya maneno ya watu. Hili hakuwa amelitayarishia kitu, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kukaa akalifikiria. Alimwona mwanawe akiondoka asubuhi na chupa ya chai, akamwona akirudi jioni na vumbi, na visanduku alivyokuwa anavifahamu yeye vilikuwa vyepesi, vitupu, vinanuka gundi.

— Unakuza mambo, — alisema. — Wanafundishwa. Mwanangu anachezea visanduku vya baba yake tu.

— Leo navichezea mimi, na sioni mchezo.

— Basi sikia. Kama tutatoka hapa wazima, na atakayetutoa ni huyohuyo kijana, utasema nini?

Wembe akafikiri. Akatazama bango. Akatazama tumbo lake.

— Akinitoa hapa mzima nitamwoza. Nitajua anaijua kazi yake.

— Umesikia, Shahidi?

— Nimesikia, — alisema Shahidi bila kufumbua macho. — Nilikuwepo.

Mara ya kwanza maishani mwake ilikuwa kweli.

Randa akaegemea ukuta. Alijiona fundi kweli, si wa mbao tu. Akaanza kupanga jinsi atakavyowaambia baadaye, labda siku ya harusi, watu wameshashiba, asimame aseme, mnajua kile kisanduku? Na Wembe atamrushia kiatu, na wote watacheka mpaka walie.

Taratibu akafika na baiskeli. Alikuwa amevaa ndala na fulana ya nyumbani, kijana mrefu mwembamba, na hata kushuka kwenye baiskeli alishuka kwa zamu, mguu huu kwanza, kisha ule. Akawaamkia wote shikamoo, Bi Nusu pia. Akasimama mbali kidogo akiangalia.

— Nimempigia mkuu wangu, — alisema. — Wanakuja na gari, lakini wako ng'ambo ya daraja. Mtakaa hivyohivyo.

— Mwanangu, sogea, — aliita Randa. — Sogea nikuambie kitu.

Taratibu akazunguka, akainama. Randa akamwekea mdomo sikioni.

— Usihangaike bure. Ni kimojawapo cha vile vyangu. Vilivyopinda nilivitupa nyuma, Bi Nusu kaokota. Jifanye unahangaika kidogo, kitoe. Mzee kakubali.

Kijana akarudisha kichwa nyuma, akamtazama baba yake usoni kwa muda mrefu.

— Una uhakika?

— Kitu nimekitengeneza mimi nisikijue?

Taratibu akatikisa kichwa, kati ya hasira na kicheko. Mtu akifundishwa kazi hafundishwi kumshuku baba yake. Akavua ndala, akalala chali, akajiingiza chini ya benchi upande wa Wembe, mpaka ikabaki miguu mitupu na suruali iliyopauka magotini.

— Mzee Wembe, ukiona nakugusa usishtuke.

— Sishtuki, — alisema Wembe, meno yakigongana.

Shahidi alikuwa amefumbua jicho moja. Bi Nusu alikuwa anasali kwa sauti, akichanganya dua ya safari na ya chakula. Chini ya benchi ulisikika mkwaruzo, mkono ukipapasa udongo, kisha benchi likainuka kidogo sana upande ule, likatulia.

— Baba.

— Naam, fundi wangu.

— Vile vyako ulivipaka rangi?

— Rangi ya nini? Walinikataza. Walisema mbwa akizoeshwa kisanduku chenye rangi, atakwenda kutafuta rangi aliache bomu.

— Hiki kimepakwa. Udongo umebanduka hapa ubavuni nikaona. Kijani.

Randa alisikia maneno hayo akayaelewa moja moja, lakini kwa pamoja yalikataa kuingia. Akageuka kwa Bi Nusu.

— Bi Nusu. Kisanduku uliokota nyuma ya ukuta wangu, sivyo?

— Nyuma ya ukuta kuna mbwa wako, nani apite? Niliokota kwenye kifusi, pale walipochimba mtaro wa bomba.

Mikono ya Randa, ambayo haikupata kutulia hata siku moja, ilitulia magotini. Akakumbuka alivyojisogeza. Akakumbuka ile nyii ya benchi, na kwamba ilimchekesha.

— Mwanangu, toka huko.

— Siwezi, baba. — Sauti ya kijana ilikuwa ileile ya siku zote, ya mtu anayekula uji. — Nimeshauinua mguu wa benchi kidogo na mkono uko katikati. Nikiuondoa, mguu utashuka kwenye kifuniko. Mkae hivyohivyo tu mpaka gari lifike.

— Si changu, — alisema Randa. — Taratibu, unanisikia? Hicho si changu.

— Nimeshajua si chako.

Shahidi alifumbua jicho la pili. Kwa kawaida hapa angekuwa na la kusema, kwamba hata hili aliwahi kuliona mahali fulani.

— Si chako nini? — aliuliza Wembe.

Akamtazama Randa, na uso wa Randa ukamwambia kila kitu: kicheko alichokuwa anakizuia muda wote, na lile la kujisogeza, na neno lililosemwa sikioni mwa kijana. Wembe akafungua kinywa amtukane, tena tusi kubwa, alilistahili. Kisha akaiangalia ile miguu mitupu iliyotoka chini yake. Akaufunga mdomo. Ajabu ni kwamba hakutetemeka tena. Mtu huyu mwoga wa paka, ambaye tangu Shahidi alipodondosha spana hakuacha kutikisika, akaweka viganja vyake juu ya mapaja, akavuta pumzi kidogokidogo ya puani, akakaa kama jiwe, kwa sababu sasa uzito wake wote ulikuwa juu ya mkono wa mtoto aliyemnyoa nywele za kwanza.

Randa alimwona. Alitamani kumwambia, sasa nimeelewa, kazi hii hata mimi nisingemwozea binti yangu, nisamehe. Lakini kusema kunatikisa kifua, na kifua kiko juu ya benchi. Woga ambao Wembe alikuwa ameubeba peke yake miezi yote ile ulikuwa umemwingia yeye kwa mara moja, na aliona aibu kwamba mwenzake aliwahi kuubeba kwa ajili ya mtoto asiyekuwa wake wakati baba mwenyewe anatania.

Barabarani gari halikuwa limetokea. Aliyetokea ni binti wa Wembe, kutoka nyumba ya tatu, utepe wa kupimia nguo shingoni na pini mbili zimechomekwa begani, anakuja kwa hatua za mtu aliyekatizwa kazi. Nyuma yake kwa mbali alifuata yule mteja, sasa amejifunga shuka kichwani.

— Baba! Umemwacha mtu wa watu na nusu kichwa, anakuja kunifokea mimi? Kwani kahawa ya Bi Nusu ina nini? Hata kujaa haijai!

Bi Nusu akainua mkono kumzuia. Binti akasimama palepale, hatua chache kutoka benchini. Akawaangalia wazee watatu waliokaa bila kusogea, na hakuna hata mmoja aliyemwambia karibu. Akaangalia chini.

— Na huyo aliyelala hapo ni nani?

Wembe akamtazama Randa. Randa alikuwa amemnadi mwanawe mbele ya Wembe tangu asubuhi ile, kama mtu anayenadi mali, na sasa jina lake halikutoka. Shahidi akatazama kahawa yake. Chini ya benchi kijana naye alinyamaza, labda kwa sababu ya kazi, labda kwa sababu ya sauti aliyoisikia.

— Baba, — alisema binti, na safari hii hakufoka. — Nimeuliza, huyo ni nani?

Macho yake yalikuwa yameshafika kwenye zile ndala zilizovuliwa kando ya benchi.